Mwacheni Kijana Aseme Hajui

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Watakatifu wa Siku za Mwisho hufunga, kisha hukusanyika kanisani bila mhubiri aliyepangwa. Anayetaka husimama, akaenda mbele, akatoa ushuhuda. Kuanzia Salt Lake City hadi Kinshasa maneno hufuata mkondo mmoja: najua Mungu yupo, najua Joseph Smith alikuwa nabii, najua kanisa hili ni la kweli. Hata mtoto mdogo hunong'onezewa maneno hayo na mama yake, naye akayarudia kwenye kipaza sauti, watu wakatabasamu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyomtendea kijana aliyefikisha miaka 17 na hawezi tena kuyasema, kwa sababu amejitambua kwamba moyo wake unavutwa na watu wa jinsia yake, na katika yote anayofundishwa kuhusu mbingu haoni mahali alipowekewa yeye.

Nimeyasema haya mara nyingi na nimechoka kuyasema, ila waliochoka zaidi yangu ni hao vijana, basi nitayasema tena. Nayasema kwa Kiswahili kwa sababu sisi tuliofika bonde la Salt Lake tukitokea Uvira, Bujumbura na kambi ya Nyarugusu sasa tunaabudu kwa lugha yetu, na watoto wetu wanakulia huku. Mzazi anayedhani kwamba jambo hili ni la Wazungu wa Utah peke yao, huyo ana siku nyingi hajakaa na mwanawe wakazungumza.

Tuelewane kwanza shaka ya kijana huyu inatoka wapi, maana wengi hukimbilia kusema imetoka dhambini, au kwenye uvivu wa kusoma maandiko. Wakatoliki wana mapadri na masista. Mtu asiyeoa wala kuolewa ana nafasi kwao, tena nafasi ya heshima. Kanisa letu halina nafasi hiyo. Mafundisho na Maagano, sehemu ya 131 na ya 132, yanafundisha kwamba daraja la juu kabisa katika ufalme wa selestia hufikiwa na mume na mke waliounganishwa hekaluni kwa milele. Njia nzima ya maisha imekwisha kuchorwa: ubatizo miaka 8, ukuhani kwa wavulana wakikaribia 12, misheni kuanzia 18, hekalu, ndoa, watoto. Mwaka 1995 Rais wa Kanisa, Gordon B. Hinckley, aliwasomea akina mama wa Muungano wa Usaidizi tangazo kuhusu familia, na leo tangazo hilo limetundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za Utah. Kijana wetu huliona kila anapopita kwenda jikoni. Anatembea katika njia hiyo vizuri kabisa, pengine kuliko wenzake wote, mpaka anafika penye ndoa na kukuta njia imekatika. Akiuliza aende wapi, anaambiwa avumilie, yatatengenezwa baada ya kufa. Mtu mzima mwenye mke pembeni na wajukuu mbele yake anaweza kulitamka neno hilo upesi sana. Kijana wa miaka 17 analisikia kama amri ya kuishi miaka 60 akisubiri kufa.

Hapo ndipo wengi wao hufunga mapatano na Mungu. Nimewasikia wakisimulia, na simulizi zao zinafanana kama za ndugu wa tumbo moja. Kijana husema moyoni: nitakwenda misheni, nitaamka mapema kuliko wenzangu, sitavunja kanuni hata moja, na mwisho wake Mungu atanibadilisha. Anakwenda, anatumika kwa uaminifu, anarudi nyumbani vilevile alivyoondoka. Sasa amebaki na mashaka mawili. Ama Mungu hakumsikia, ama alimsikia akamwona hafai. La kwanza linamtoa kanisani. La pili linamtafuna yeye mwenyewe, na ndilo linalonitia hofu.

Mwanangu, kama wewe ndiye huyo, nakuomba utilie shaka jambo la tatu, yaani yale mapatano. Nani alikuahidi? Hakuna andiko lililosema kwamba miaka miwili ya kugonga milango itaugeuza moyo wako. Walioahidi ni wanadamu, na rekodi ya ahadi zao haifichiki. Katika miaka ya 1970 pale Chuo Kikuu cha Brigham Young, wanaume vijana walitiwa umeme mwilini huku wakionyeshwa picha, ili wachukie walichovutwa nacho. Mwaka 1969 Spencer W. Kimball, ambaye baadaye akawa Rais wa Kanisa, alichapisha kitabu kuhusu muujiza wa msamaha kilichowafunza vizazi viwili kwamba hali hii inatibika kwa mwenye nia ya kweli. Shirika la Evergreen International lilianzishwa mwaka 1989 kuwasaidia waumini kujinasua, likafunga milango yake mwaka 2014. Wengine waliambiwa waoe, watapona. Mwaka 1987 Hinckley alisema wazi kwamba ndoa haipaswi kufanywa tiba ya jambo hili, lakini harusi za namna hiyo ziliendelea kufungwa miaka mingi baadaye. Josh na Lolly Weed walijulikana kote Marekani mwaka 2012 kwa kueleza jinsi ndoa yao ilivyofaulu ingawa mume anavutwa na wanaume. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wanaachana, wakawaomba radhi wale walioumizwa kwa kulinganishwa nao.

Waliojitoa kwa umeme ule hawakukosa imani. Walikuwa nayo tele. Walichokosa ni mtu mmoja mzee wa kuwaambia: tulia kwanza, huyu daktari na huyu askofu wanaweza kuwa wamekosea.

Stuart Matis alikuwa mmoja wa watu waliojawa na imani hiyo. Alitumikia misheni, alisoma Brigham Young, aliomba tangu utotoni abadilishwe. Februari 2000, akiwa na umri wa miaka 32, wakati Kanisa likihimiza waumini wa California kupigia kura sheria ya ndoa ya mume na mke tu, alijiua nje ya jengo la kanisa huko Los Altos. Simtaji ili kumtisha mtu, wala sitasema nilijua yaliyokuwa moyoni mwake. Namtaja kwa sababu baada yake haikuwezekana tena kwa yeyote kusema kwamba wanaoteseka hivi ni wale wasiosali. Na wewe unayesoma, kama giza hilo limekufikia, usilale nalo usiku wa leo peke yako. Mwambie mtu mmoja. Ukiwa Marekani, piga 988 saa yoyote, watakupokea bila kukuuliza dini yako.

Watu hunijibu kwa kunisomea Yakobo. Wanasema, mzee, unawafundisha watoto kutilia shaka, na mtume amesema anayeomba aombe kwa imani, maana mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Nalijua andiko hilo. Najua pia aya inayolitangulia, ile inayomwambia mtu aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, naye hatakemewa. Aya hiyo ndiyo iliyompeleka Joseph Smith msituni karibu na Palmyra, New York, mwaka 1820, akiwa na miaka 14. Alikwenda kufanya nini kule? Alikwenda kwa sababu hakujua. Wahubiri wa makanisa yote walikuwa wakimwambia wanajua, nao wanapingana, na yeye hakukubali kuazima uhakika wa mmoja wao. Kama wazazi wake wangemketisha kila Jumapili na kumlazimisha aseme anajua kanisa fulani ni la kweli, leo tungekuwa tunaabudu nini? Kanisa hili limezaliwa na swali la mtoto. Linapomkemea mtoto mwingine kwa kuuliza, linamkemea mwanzilishi wake.

Lakini andiko ninalowaomba mlisome polepole zaidi liko ndani ya Kitabu cha Mormoni chenyewe, Alma mlango wa 31 na wa 32. Kila mara nashangaa tunavyolipita haraka. Nabii Alma anafika kwa watu waitwao Wazoramu, na katikati ya sinagogi lao anakuta wamejenga mimbari ndefu inayoitwa Rameumptom, yenye nafasi ya mtu mmoja tu juu yake. Mmoja mmoja anapanda, ananyoosha mikono, anatamka sala ileile aliyotamka mwenzake. Wanamshukuru Mungu kwamba wao ni wateule na wengine wote wanakwenda kuangamia. Hawana shaka hata chembe. Wana uhakika, miongoni mwa mambo mengine, kwamba Kristo hatakuja. Wakishuka wanarudi makwao na hawamtaji Mungu tena mpaka siku ile irudi. Katika kitabu kizima sijui kama kuna watu wenye uhakika kuwashinda hawa, na Alma alipowaona alilia.

Kisha anapanda kilima cha Onida, na kundi jingine linamfuata. Ni maskini waliofukuzwa katika masinagogi ambayo walikuwa wameyajenga kwa mikono yao wenyewe, kisa mavazi yao duni. Wanamuuliza: tufanye nini, maana hatuna mahali pa kumwabudu Mungu? Alma anaacha mara moja kuhubiria wengine, anawageukia hawa, uso wake ukiwa na furaha. Anawauliza kama wanadhani Mungu anaabudiwa ndani ya masinagogi tu. Na ndipo anapotoa lile fundisho la mbegu: kwamba imani si kuwa na ujuzi kamili wa mambo, na kwamba ikiwa mtu hawezi zaidi ya kutamani kuamini, aiache tamaa hiyo ifanye kazi ndani yake. Hakuwauliza wana ushuhuda gani. Hakuwaambia warudi wakapande mimbari wakatamke ile sala ndipo awafundishe.

Angalieni fundisho hilo lilitolewa kwa akina nani. Waliojenga nyumba ya ibada wakafukuzwa ndani yake. Sasa nitajieni anayepiga kinanda katika kata yenu, anayefundisha darasa la watoto wa Msingi, anayebeba viti baada ya mkutano bila kuombwa. Mara ngapi alikuwa kijana wa namna hii, mpaka siku ilipojulikana? Tunawapa waliofanikiwa kuoa na kuzaa mlango wa 32 kana kwamba ni wao walioandikiwa. Wenyewe wako nje.

Mtasema viongozi wetu wamekwisha kulitolea jambo hili neno, na neno lao ni la mwisho. Mimi si nabii, na kubadili mafundisho si kazi yangu. Wala simwahidi kijana yeyote kwamba yatabadilika, maana kumwahidi hivyo ni kumuuzia mapatano mengine. Ila sisi Waafrika, wa kwanza kabisa, hatuna haki ya kusahau. Mwaka 1949 Urais wa Kwanza uliandika kwamba kumnyima mtu mweusi ukuhani si sera ya wanadamu, ni amri ya Bwana mwenyewe. Hadi Juni 1978 hakuna hata mmoja wetu angeweza kuitwa askofu, wala mke wake kupokea maagano ya hekalu. Mwaka 2013 Kanisa lilizikana kwa maandishi zile nadharia zote zilizofundishwa kueleza marufuku hiyo. Na aliyeingia hekaluni mara nyingi akiuliza tena na tena mpaka mlango ukafunguka alikuwa Spencer W. Kimball, yule yule wa kitabu cha 1969. Aliuliza kwa ajili yetu. Kwa ajili ya hawa vijana aliandika alichokuwa na uhakika nacho. Ninapomfikiria mzee huyo naona upande gani wa maisha yake ulizaa uzima.

Karibu zaidi kuna Novemba 2015. Ilitoka kanuni kwamba waumini waliofunga ndoa ya jinsia moja wahesabiwe waasi, na watoto wa nyumba hizo wasibatizwe hadi wafike miaka 18 na kuikana desturi ya ndoa za jinsia moja. Miezi miwili baadaye Russell M. Nelson, akiwa mtume mwandamizi, alieleza kwamba ulikuwa ufunuo. Aprili 2019, yeye mwenyewe akiwa Rais, kanuni ikaondolewa. Kwa miaka ile mitatu na kitu, muumini aliyesema kwa unyonge kwamba hana hakika kama Bwana anataka mtoto wa miaka 8 azuiwe majini alitazamwa kama aliyepotea. Baada ya Aprili 2019 sikumsikia mtu yeyote akienda kumwomba radhi.

Oktoba 2013, katika mkutano mkuu, Dieter F. Uchtdorf wa Urais wa Kwanza aliwasihi waumini wayatilie shaka mashaka yao kabla ya kuitilia shaka imani. Neno hilo limechapwa kwenye mabango, na vijana wetu wamepigwa nalo kichwani hadi wamechoka. Wanaolitumia hivyo hawasemi kwamba katika hotuba hiyohiyo alikiri kuwa viongozi wa Kanisa wamewahi kukosea. Aprili ya mwaka huohuo mtume Jeffrey R. Holland alihubiri juu ya yule baba wa Injili ya Marko aliyemlilia Yesu kwamba anaamini, na hapohapo akaomba asaidiwe kutoamini kwake. Akasimulia habari za mvulana wa miaka 14 aliyemwambia hawezi bado kusema anajua, lakini anaamini. Mtume alimkumbatia. Mwaka 2021 Holland huyohuyo alizungumza Brigham Young kwa namna iliyowaumiza sana wanafunzi wanaopenda watu wa jinsia yao. Nayataja yote mawili kwa sababu yote yametokea, na kijana anayasikia yote mawili kutoka kinywa kimoja. Asishangae mtu akichanganyikiwa.

Basi kwako, mwanangu, nina maneno machache. Usiyabebe mashaka yako kama furushi moja. Kuwa na shaka kama Mungu yupo ni jambo moja, kuwa na shaka kama askofu wako amekupa ushauri mwema ni jambo jingine, na kuwa na shaka kama wewe unastahili kuishi si shaka ya imani hata kidogo, huo ni ugonjwa unaohitaji msaada wa leo. Ukiyachanganya, la mwisho litajivika nguo za la kwanza likakudanganya. Usimwoe binti wa watu ili ujithibitishie kitu. Na wewe binti, usikubali kuolewa kwa sababu hiyo. Ukiamua kubaki kanisani, usimcheke aliyeondoka kwamba alikosa subira. Ukiamua kuondoka, beba shaka yako uende nayo, maana huko nje nako utakutana na watu wenye mimbari yao ndefu, wanaojua kwa hakika kwamba kila mwenye imani ni mjinga. Wapo waliokwenda wakarudi. Tom Christofferson, mdogo wake mtume D. Todd Christofferson, aliishi na mwenzi wake karibu miaka 20, kisha akarejea kanisani, na mwaka 2017 akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Wapo waliokwenda wakapata amani hukohuko. Sitakuchagulia.

Kwa wazazi nina la kuwaambia kutoka kwa nyumba hiyohiyo ya Christofferson. Miaka mingi kabla Tom hajarudi, wazazi wake walikuwa wamekata shauri kwamba hakuna kitakachomtoa katika familia, na mwenzi wake akakaribishwa mezani pamoja naye. Hawakujua kama angerudi. Hawakufanya vile ili arudi. Carol Lynn Pearson, mwandishi wa Kimormoni, alimpokea nyumbani Gerald, mume wake wa zamani aliyekuwa akipenda wanaume, akamuuguza UKIMWI hadi alipofariki mwaka 1984. Maswali yake kwa Kanisa ni mengi na ameyaandika hadharani, lakini siku zile hakusubiri yajibiwe ndipo aoshe mgonjwa.

Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeona nyumba ambamo baba alitamka neno moja usiku mmoja, akiwa na uhakika kwamba anautetea ukweli, na tangu siku hiyo hajui mwanawe anakaa mji gani. Ninyi maaskofu, kijana akiwauliza Mungu amemwekea nini, na hamjui, mwambieni hamjui. Hakuna swali katika mahojiano ya kibali cha hekalu linalomtaka mtu asiwe na maswali. Anaulizwa kama ana imani na ushuhuda. Mafundisho na Maagano, sehemu ya 46, yamesema tangu 1831 kwamba wengine wamepewa kujua na wengine wamepewa kuamini. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kijana wako asiposimama, usimfinye. Akisimama na kusema kwamba hajui ila anatamani kuamini, mjibu amina kwa sauti kama unavyowajibu wengine. Na kama wa kwako ameshaondoka nyumbani kwa sababu ya jambo hili, usingoje apate ushuhuda wala usingoje kuelewa. Mpigie simu leo.